Hatua Sitini na Nne Hadi kwa Bibi Soila

Jumatatu, 3 Juni 2024

Leo jua limefika kibarazani kwangu saa mbili asubuhi, likakaa dakika kumi na moja, likaondoka. Nimelipima kwa saa ya ukutani. Na huu ni Juni, baridi ya Arusha inaingia mpaka kwenye mifupa, mtu anahitaji jua lake. Zamani lilikaa mpaka saa sita.

Wa kulaumiwa ni Ludovick, muuza vipuri vya magari. Amenunua nyumba tatu zilizokuwa zikitutazama, akazibomoa zote, na mahali pake anainua nyumba moja. Ghorofa tatu. Vyumba kumi na vinane. Watakaoishi humo ni yeye, mkewe na watoto wawili. Nimepiga hesabu: kila mmoja ana vyumba vinne na nusu. Mimi nina vyumba vitatu, mke, mama mzazi na redio mbovu thelathini.

Nieleze vizuri, huenda siku moja mtu mwenye akili akasoma hapa. Mimi ni Ndesanjo, fundi redio wa Ngarenaro, mwaka wa thelathini na moja nimekaa kwenye kibaraza hiki. Mbele yangu inapita njia ya miguu. Si pana, watu watatu wakikutana mmoja anasubiri. Inatoka barabara ya lami, inapita kwangu, inapita kwa Solomoni muuza mkaa, kwa Bibi Soila, inatokea kanisani. Mtaa mzima unapita hapo. Unatengeneza redio huku unaamkiwa. Shikamoo za asubuhi tu zilikuwa zinatosha kushibisha mtu.

Leo mafundi wa Ludovick wamefunga kamba ya ukuta wa fensi. Kamba imepita chini ya kibaraza changu kabisa, kidole kimoja kutoka kwenye ngazi. Nikamuuliza msimamizi wao, na njia je? Akasema kwenye ramani hakuna njia, kiwanja cha Ludovick na changu vinagusana. Nikasema watu wamepita hapa tangu hatujazaliwa. Akasema hao watu nao hawamo kwenye ramani.

Ningekuwa mimi peke yangu ningevumilia (si kweli, lakini ningejaribu). Shida ni Mama. Mama Anande ana miaka themanini na mitatu na macho yake yamebaki kuona mwanga na giza tu. Lakini njia hii anaijua kwa kiganja. Anashika ukuta wetu, anashika ukuta wa Solomoni, anashika fensi ya Bibi Soila, amefika. Hatua sitini na nne. Hapelekwi na mtu. Kila siku saa nne wale wazee wawili, Mchagga na Mwarusha, wanachambua maharage na kuwasema watu. Njia ikifungwa, kwa Bibi Soila ni kuzunguka kwa barabara ya malori na bodaboda. Hatakwenda. Atakaa kwenye kiti mpaka siku yake.

Nimemwapia kwamba ukuta hautajengwa. Ameuliza nimepanga nini. Sijapanga bado.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Lemburis. Nimemkuta anakunywa chai ndani ya kikombe kipya. Amesikiliza kwa upole ule wa mtu ambaye ameshakata shauri. Amesema serikali inafuata ramani. Kama nina ushahidi wa mpaka wa zamani, wa kuonekana kwa macho, nilete, kikao kitakaa. Maneno ya mdomoni hayatoshi.

Basi nikaandika barua ya malalamiko, nikapita nyumba kwa nyumba kutafuta saini. Nyumba kumi na saba. Solomoni muuza mkaa amesema Ludovick ameahidi taa kubwa nje ya fensi, hivyo yeye hayumo. Irine wa saluni amesema nyumba ile imeupandisha mtaa. Nikamuuliza umepanda kwenda wapi, mbona sisi tuko palepale? Akaendelea kumsuka mteja.

Jumla ya saini: tatu. Yangu, ya mke wangu Kaanaeli aliyesaini huku akiniambia chakula kinapoa, na dole gumba la Mama. Watu wa mtaa huu hawana shukrani. Nimewatengenezea redio zao zote.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango wa pili. Kama sheria haisaidii, makelele yatasaidia. Nimepanga redio saba zilizo nzima kibarazani, zote zikitazama mafundi, kila moja stesheni yake, sauti mpaka mwisho. Habari, mahubiri, mpira, matangazo ya mbolea, vyote kwa pamoja. Nikaweka pamba masikioni, nikakaa.

Saa tatu msimamizi amekuja. Nikajua wameshindwa. Kumbe amekuja kuomba ile ya tatu kutoka kushoto niiongeze kidogo, vijana wanaipenda, na hizo nyingine nizime. Nikakataa. Akaizungusha mwenyewe. Wamepiga kazi siku nzima wakiimba. Walizoea kumaliza mtaro wa mita tatu kwa siku, leo wamechimba sita. Jioni wamenishukuru.

Kaanaeli ametoka sokoni Kilombero, amesimama akautazama mtaro, akanitazama mimi. Akaingia ndani na kikapu chake. Afadhali angenigombeza.

Mama ameuliza kama lile shimo liko upande wa mkono wa kulia au wa kushoto, ili ajue kesho apite vipi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepata. Nashangaa sikuliwaza mapema.

Lemburis anataka mpaka wa zamani wa kuonekana kwa macho. Na Ludovick ni mtu wa Kibosho, Mchagga mwenzangu. Mchagga anaogopa kitu gani kuliko polisi? Masale. Kwa asiyejua: ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani na makaburini. Ukishapandwa umepandwa. Hata uwe profesa, huung'oi. Na jani lake moja, isale, mkosaji akikuletea mkononi kuomba msamaha, huna ruhusa ya kukataa, utajiletea balaa.

Nimeamka alfajiri, nimepanda basi mpaka Machame, nyumbani. Kaka yangu Elihuruma alikuwa amekwenda mazikoni. Vizuri sana, maana kaka huuliza maswali. Nimeng'oa masale kumi na mawili ya zamani, yenye mashina manene, pale kihamba chetu, shamba la ukoo, kinapopakana na cha jirani, Allen. Nimechagua yale ya katikati ya mstari, yasionekane haraka kwamba yamepungua. Nimeyafunga kwenye kiroba. Kwenye basi nimesema ni machipukizi ya migomba. Abiria mmoja mzee amekiangalia kiroba, halafu amehama kiti.

Sijui kwa nini nimeandika hapo juu kwamba Mchagga hang'oi masale. Mimi nilikuwa nayahamisha.

Jumapili, 9 Juni

Nimesema tumbo linaniuma. Bibi Soila amekuja na njia kumchukua Mama, wameshikana mikono, wamekwenda ibada ya kwanza polepole kama kawaida yao. Kaanaeli akafuata. Mtaa mzima kanisani, mafundi wamepumzika.

Nimepanda masale kumi na mawili katika mstari, ng'ambo ya njia, palepale zilipokuwa kuta za zile nyumba tatu zilizobomolewa. Maana yake: Ludovick, mwisho wako hapa. Nimemwagia majivu, majani makavu, vifuniko vya soda vyenye kutu na betri zilizokufa, ili paonekane pa zamani. Nimefanya kazi nzuri. Hata mimi nilipoondoka na kurudi nilidhani yamekuwepo siku zote.

Wamerudi kanisani. Mama amesema mahubiri yalikuwa mazuri, na mbona mkono wangu una udongo. Nikasema ni dawa ya tumbo.

Jumatatu, 10 Juni

Ushindi!

Msimamizi wa mafundi, mtu wa Rombo, Mchagga naye, ameyaona masale saa moja na nusu. Amevua kofia. Amewaambia vijana waweke majembe chini. Ludovick ameitwa, akaja na gari lake kubwa, likakwama mwanzo wa njia, ikabidi atembee kwa miguu. Ni mara yangu ya kwanza kumwona akitembea hapa. Amesimama mbele ya masale muda mrefu, kisha akampigia simu mama yake Kibosho. Nilisikia sauti ya huyo mama kutoka kibarazani, na simu haikuwa kwenye spika.

Kazi imesimama. Lemburis ameitisha kikao Jumatano. Nimekula sahani mbili.

Jumatano, 12 Juni

Kikao kimefanyika njiani, mbele ya masale yenyewe. Lemburis ni Mwarusha, masale hayajui sana, akauliza watu kama yalikuwepo tangu zamani. Hapa nilishika roho mkononi. Nani angesema ndiyo?

Wote. Hakuna mtu aliyetaka kuonekana ameishi hapa miaka yote bila kuyaona. Irine amesema alikuwa anayatazama kila asubuhi akifungua saluni. Solomoni, ambaye hakutaka kunisainia barua, amesema mwaka wa themanini na tisa alijikwaa hapo akadondosha gunia la mkaa. Amesema hata kovu analo, akapandisha suruali. Ludovick akaliinamia lile kovu kwa heshima.

Kisha Lemburis akasema aulizwe mkubwa wetu, Mama Anande. Nikamleta. Mama akainama, akashika jani moja, akalipitisha vidoleni kutoka chini mpaka kwenye ncha. Akashika na la pili. Akasema, "Haya ni ya Machame. Ameyapanda mume wangu."

Watu wakashusha pumzi. Ni kweli tupu, maana Baba ndiye aliyeyapanda. Machame.

Lemburis akaandika. Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. Akasema masale ni mpaka wa watu wawili, kwa hiyo upande ule ni wa Ludovick, na upande huu, kuanzia masale mpaka kibarazani, ni wa nani? Niandike ni wako?

Nilitaka kusema ni njia ya watu wote. Nakumbuka kabisa nilitaka kusema hivyo. Lakini niliulizwa mbele ya watu, na muhuri ulikuwa umeshafunguliwa. Nikasema ni wangu. Akagonga muhuri. Watu wakapiga makofi, wakijua njia yao imepona.

Usiku tukila, Mama ameniuliza nimeyang'oa sehemu gani ya kihamba. Nikasema katikati, hayaonekani. Akasema hajawahi kusema maneno ya namna ile maisha yake yote, na amesema kwa ajili ya njia. Akaniuliza, basi njia ipo? Nikamwambia Mama, ipo, lala.

Ijumaa, 14 Juni

Ludovick amekuja kwangu jioni, kwa miguu, na isale mkononi. Jani moja, limefungwa fundo kama inavyotakiwa. Amesimama nje mpaka nilipomkaribisha. Amenishikia jani kwa mikono miwili, akasema, "Kaka, nilifuata karatasi. Sikujua. Naomba unisamehe." Macho yake yalikuwa mekundu. Amesema mama yake hajalala siku nne.

Nimesamehe. Ningefanyaje? Nilijisikia mkubwa mpaka nikaogopa kusimama. Amesema fensi yake itarudi nyuma ya masale nusu mita, na geti atalihamishia upande wa lami. Halafu, kwa kuwa kuomba msamaha mikono mitupu si adabu, ameniletea tofali zilizobaki, lori zima, nikarabati kibaraza. Zimepangwa ukutani. Nzuri, za kukata kwa mashine.

Mama amekwenda kwa Bibi Soila saa nne na kurudi saa nane, peke yake. Alikuwa anaimba.

Jumanne, 18 Juni

Siku mbili mbaya.

Kwanza, kaka Elihuruma amepiga simu kutoka Machame. Kuna mwizi amepita kihambani. Masale kumi na mawili hayapo, na Allen ameona uwazi, akapanda migomba hatua tatu ndani ya shamba letu. Kaka akamfuata, Allen akasema nionyeshe masale. Kaka ananiuliza kama ndugu, tumfanyeje mtu aliyeng'oa mpaka wa Baba? Nikasema mtu kama huyo laana itampata tu. Akaitikia amina.

Pili, njia. Nimeipigania njia hii kwa sababu ya Mama, na pia, kwa nini nifiche, kwa sababu ya kazi. Nilisema Ludovick akishindwa wateja watarudi, maana walipungua tangu alipoanza kubomoa. (Kaanaeli anasema walipungua tangu simu zilipoanza kuwa na redio ndani. Kaanaeli si fundi.) Jana na leo nimehesabu wapitao. Jana hamsini na nane. Leo sitini na mmoja. Hakuna hata mmoja mwenye redio. Wanaamkia, wanapita. Watatu wameomba kuchajiwa simu. Mmoja ameomba maji, akanywa, akasema hapa pazuri, pana upepo.

Shikamoo mia na kumi na tisa kwa siku mbili, na bado nimekaa na redio zilezile thelathini. Wanapita kwenye kiwanja changu, chenye muhuri, bure.

Na tofali za Ludovick nazo zinanitazama.

Alhamisi, 20 Juni

Nimechora juu ya boksi la redio. Upana wa njia ni mita mbili na robo. Urefu mbele ya nyumba yangu, mita kumi na nne. Wengine hapo wangeona uchochoro. Mimi naona karakana ya kisasa chini, chumba cha wateja, na juu yake ghorofa, chumba cha kukaa chenye dirisha la vioo linalotazama Mlima Meru. Ghorofa moja tu, mimi si mtu wa makuu. Kwa nini Ngarenaro mtu mmoja tu awe na ngazi ndani ya nyumba?

Msimamizi wa Ludovick amekuja kutazama mchoro. Amesema nyumba hiyo itasimama kama kiberiti kilichosimamishwa wima, na itaziba kibaraza changu mwenyewe. Nikamwambia kibaraza kitakuwa korido. Majumba yote makubwa yana korido. Akakuna kichwa, akauliza, na njia je?

Nikasema kwenye karatasi hakuna njia. Amechukua vipimo. Anaanza kesho.

Kaanaeli ameuliza kama nimemwambia Mama. Nikasema naandaa maneno. Amevaa kitenge chake, amekwenda kulala kwa dada yake huko Sakina, amesema atarudi nikipona.

Jumamosi, 22 Juni

Msingi umechimbwa. Mtaa umenuna. Solomoni amesimama juu ya mtaro akauliza kama haya ndiyo aliyoyaonyeshea kovu lake. Irine ameanzisha barua ya malalamiko, nasikia ina saini thelathini na nne. Thelathini na nne! Mimi walinipa tatu. Hapo ndipo utajua ni wivu. Lemburis amewaambia serikali inafuata muhuri.

Saa tano amekuja Bibi Soila. Amezunguka kwa barabara ya malori, fimbo mkono mmoja, viatu vimejaa vumbi. Nilihesabu amesimama mara nne kati ya kona na mlango. Nikamwamkia kwa Kiarusha, takwenya, akaitika iko. Mkono wake wa pili umeshika majani mabichi, akaninyooshea.

Najua maana yake. Nimekaa na Waarusha maisha yangu yote. Mtu mzima akikushikia majani anaomba amani, na ukiyapokea umekubali anachoomba. Akasema, "Baba, mwachie mwenzangu apite. Sina mwingine wa kuongea naye."

Nilimkaribisha kiti. Nikamweleza kwa adabu kuhusu hati, muhuri na maendeleo. Nikamwambia nitaweka dirisha dogo upande wa nyuma, waweze hata kuitana. Alikuwa bado amenyoosha mkono. Sikuyapokea. Mimi ni Mchagga, mambo ya majani ni ya kwao, na mtu akianza kufuata mila za kila kabila mjini hapa hatajenga kitu. Ameyaweka chini kwenye ngazi, taratibu, akarudi alikotoka. Aliniletea na kibuyu cha loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, kwa ajili ya Mama. Nimekionja. Kilikuwa kizuri.

Mama alikuwa ndani. Ameuliza nani alikuwa nje. Nikasema mtu wa umeme.

Jumatano, 26 Juni

Kuta zimefika kiunoni. Nimemwambia Mama. Nilitumia maneno mazuri, nilisema ni nyumba yake, chumba chake kitakuwa juu, atapata hewa. Akauliza atapandaje. Nikasema kuna ngazi. Akauliza, na kwa Soila? Nikasema tutampeleka kwa bodaboda, akipanga siku.

Hakulia. Alikuwa anachambua maharage peke yake, akaendelea. Baada ya muda nikaona anatupa yale mazima na kubakiza mabovu. Sikumwambia.

Ludovick amepita, amesimama kwenye ukuta wangu mpya. Nilidhani atafurahi, sasa tuko sawa. Amesema tu kwamba amemwambia mama yake habari hizi, na mama yake amekataa kuzisikia mpaka mwisho. Halafu akasema ameshaacha nusu mita yake ya nyuma ya masale, na angefungua ile nusu mita ipitike, lakini kwangu ndipo njia inapoingilia. Nikamwambia ajali mambo yake.

Jumapili, 7 Julai

Chini kumekwisha, zege la juu limemwagwa, mafundi wamepumzika Sabasaba. Kaanaeli hajarudi. Mlango wa mbele sasa unafungukia korido. Ni ndefu, nzuri, ina giza kidogo, taa nitaweka.

Asubuhi kengele ya ibada ililia. Sikumsikia Mama akitoka. Nilikuwa juu napima dirisha. Niliposhuka nikamkuta koridoni, amevaa gauni lake la Jumapili na kitabu cha nyimbo kwapani. Mkono wake uko ukutani, kwenye ukuta mpya, anakwenda hatua kwa hatua, midomo inahesabu. Amefika kwenye kona ambapo tofali zinakutana. Akapapasa kushoto. Akapapasa kulia. Akarudi hatua mbili, akaanza tena, akafika palepale.

Akauliza kuna mtu hapo. Nikasema ni mimi, Mama. Akauliza yuko wapi. Nikamwambia uko nyumbani. Akasema hapana, nyumbani anapajua, na akaniomba kama mtu anayemwomba mgeni, nimshike mkono nimrudishe kwake.

Nimemkalisha kwenye kiti. Atazoea. Watu wazima wanachelewa kuzoea vitu vizuri. Sehemu yangu mimi ni ngumu zaidi: kutoka juu nimegundua kwamba Ludovick ameweka matangi mawili ya maji juu ya paa lake, meusi, makubwa, na dirisha langu lote la vioo litatazama matangi badala ya Meru. Hakuniuliza. Hakumfikiria jirani hata kidogo. Nimeshaanza barua kwa Lemburis kuhusu watu wanaojenga manyumba makubwa katika mtaa wa watu wa kawaida na kuwazibia wenzao, na kesho asubuhi napita nyumba kwa nyumba kutafuta saini.